Kutunza ardhioevu ya mtaani: mwongozo kwa vikundi vinavyoanza katika miji ya Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka mwezi wa tisa unapofika, vumbi la Iringa likiwa limetanda na mabonde yakiwa yamebaki kuwa sehemu pekee za kijani mjini, watu huniletea maswali yale yale matatu. Usafi tuanze lini? Miche tuipate wapi? Na wenye vinyungu, yaani mashamba ya kiangazi ya bondeni, tuwatoe vipi? Nimeamua kuyajibu kwa maandishi kwa sababu yote matatu yana kasoro moja: yanaanzia kwenye jembe, ilhali kazi hii huanzia kwenye daftari na kwenye mazungumzo na watu ambao tayari wanalitumia bonde. Kikundi kinachoanza na jembe huchoka kabla mvua za pili hazijanyesha. Nimeviona kadhaa, na kimoja kilikuwa chetu.

Ardhioevu ninayoizungumzia hapa ni lile bonde lililo kati ya mtaa na mtaa, lenye matete, kijito, shimo la zamani la matofali lililojaa maji, na pengine chemchemi ambayo bibi zetu walichota maji. Si lazima iwe na ukubwa wa Ihefu au wa Bonde la Kilombero. Nadharia unayohitaji ni ndogo: matete hupunguza kasi ya maji ya mvua, tope hutuama humo badala ya kwenda mbele, na ndege, vyura na samaki wadogo hupata mahali pa kuzaliana. Maji yanayotoka kwenye mabonde ya mji wa Iringa huingia Ruaha Mdogo, nao huungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Unachokiacha bondeni leo kina safari ndefu mbele yake.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Daftari gumu moja, lile la kaunta, pamoja na penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwa kuwa umande wa asubuhi utafuta kazi yako yote.
- Darubini. Inayofaa zaidi ni yenye maandishi 8x42, yaani hukuza mara nane na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Darubini moja hutosha watu watano wanaopokezana kwa adabu.
- Simu moja yenye kamera.
- Mabuti ya mpira na glavu nene kwa kila atakayeshika taka au kuingia majini. Maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na hakuna sababu ya mtu kuingia humo miguu mitupu.
- Magunia ya salfeti, ambayo huoshwa na kutumika tena, na mizani ya kuning'iniza.
- Kamba ya mita 50.
- Mfuniko mweupe wa ndoo uliofungwa kamba katikati, pamoja na jiwe la kuuzamisha. Matumizi yake nitayaeleza katika hatua ya tano.
- Sanduku la huduma ya kwanza.
- Watu sita wanaoweza kufika bila kubembelezwa. Sita wa uhakika ni bora kuliko arobaini wa picha.

Fulana zenye maandishi, bango na akaunti ya benki havihitajiki katika miezi sita ya kwanza. Nasema hivyo kwa sababu nimehudhuria vikao ambavyo rangi ya fulana ilijadiliwa kwa saa mbili na bonde halikutajwa kabisa.

Hatua ya 1: Lizunguke bonde lote kwa miguu, kisha lichore

Fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, wakati maji yamepungua na kila kilichofichwa na majani kimeonekana. Mchukue mzee mmoja au mama mmoja aliyekaa hapo miaka mingi na mtembee naye kuanzia mahali maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Katika daftari, chora ramani ya mkono inayoonyesha chemchemi, makaravati, njia za waenda kwa miguu, vinyungu, mashimo ya matofali, sehemu za kuoshea magari, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, majalala, na kila rundo la matete.

Mwulize huyo mzee maji yalifika wapi alipokuwa kijana, na ni ndege au wanyama gani walikuwapo ambao hawaonekani tena. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe. Katika vilima vyetu wengi watakutajia korongo taji, ndege mrefu mwenye ushungi wa dhahabu kichwani, ambaye tangu 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wengine watamtaja fisi maji. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya bonde lako, na hutaipata ofisini.

Hatua ya 2: Jua bonde liko chini ya nani

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa ukiwa na ramani yako. Watakuelekeza kwa mtendaji wa kata, na kutoka hapo kwa afisa mazingira wa jiji, manispaa au halmashauri ya mji, kutegemea kama uko Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga. Masuala ya maji yenyewe yako chini ya ofisi za mabonde: Bonde la Rufiji lina makao yake Iringa, Bonde la Ziwa Rukwa liko Mbeya, na Bonde la Ziwa Nyasa liko Tukuyu. Omba barua fupi inayosema kikundi chako kinaruhusiwa kuhesabu ndege na kufanya usafi. Barua hiyo itakuokoa siku mtu atakapokuuliza kwa ukali unatafuta nini kwenye matete na darubini alfajiri, jambo ambalo hakika litatokea.

Sheria mbili unapaswa kuzijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda au kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wamo.

*Onyo.* Usiende bondeni wiki ya kwanza na kamba ya kupimia mita 60 na kopo la rangi nyekundu. Kuweka mipaka ni kazi ya mamlaka. Mwananchi anayejipa kazi hiyo hugeuka adui wa majirani zake kabla hajahesabu ndege hata mmoja.

Hatua ya 3: Zungumza na wanaolitumia bonde, mmoja mmoja, kabla ya kuitisha mkutano

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Kinyungu si uvamizi uliozuka jana. Watu wa Iringa na Njombe wamelima mabondeni wakati wa kiangazi tangu zamani, na mahindi mabichi, maharage na mboga unazonunua mwezi wa kumi zinatoka humo. Mama mwenye kinyungu anayajua maji ya bonde lile kuliko afisa yeyote, na akikuona unakuja na watu wenye barua atadhani mmekuja kumfukuza.

Kwa hiyo mfuate kazini kwake, si kumwita. Sema "Kamwene", msalimie kwa heshima ya umri wake, na kama ana jembe mkononi usimsimamishe, bali shika lingine ulime naye tuta moja. Uliza maji yanapungua mwezi gani, wadudu gani wanamsumbua, taka zinazoingia shambani kwake zinatoka wapi. Usitaje sheria siku hiyo. Vivyo hivyo kwa vijana wa kuosha magari, wafyatua matofali, wakata majani ya ng'ombe, na watoto wenye manati. Hao wa mwisho usiwadharau, maana hakuna anayejua viota vilipo kama mtoto wa manati. Wawili kati ya wahesabuji wetu wazuri walianza huko.

Baada ya ziara mbili au tatu, tafuta makubaliano madogo yanayotekelezeka. Haya manne ndiyo ninayoyapendekeza yaanze:

1. Ukanda wa matete uachwe bila kulimwa kando ya maji, hata kama ni wa hatua tano tu kwa mwanzo. Makubaliano hayo ni mwanzo tu. Hayabadilishi kinachotakiwa na sheria.
2. Bomba la kupulizia dawa lisioshwe kijitoni, na maji ya kusuuzia yamwagwe shambani, mbali na maji.
3. Mifereji mipya ya kukausha bonde isichimbwe.
4. Matete yasichomwe moto.

Andika majina ya walioafiki kwenye daftari, lakini usiwaombe saini. Karatasi ya kusaini huwatisha watu wenye mashamba, na wana sababu zao.

Hatua ya 4: Anza kuhesabu ndege, kila mwezi, siku ile ile

Chagua Jumamosi moja ya mwezi ambayo si ya mwisho, kwa kuwa Jumamosi ya mwisho ni siku ya usafi wa mazingira nchi nzima na utaihitaji baadaye. Chagua vituo vitatu hadi vitano vya kusimama, vyenye mwonekano mzuri wa maji na matete, uviweke alama kwenye ramani na usivibadilishe. Anzeni saa 12:30 asubuhi. Wakati wa baridi kali ya Juni na Julai, hasa Makete, Mufindi na Njombe ambako umande huweza kuganda, mnaweza kusogeza hadi saa 1:30, lakini msogeze kwa mwezi wote na muandike hivyo.

Kwenye kila kituo, simameni kimya dakika mbili ili ndege watulie, kisha hesabuni kwa dakika kumi. Mmoja anatazama, mmoja anaandika, wengine wanaangalia ndege wanaoruka. Andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, kituo, aina ya ndege na idadi. Ndege anayepita juu bila kutua mwandikeni kwenye safu ya pembeni.

Msijaribu kujua ndege wote mwezi wa kwanza. Hawa wanatosha kuanzia:

- Yangeyange, mweupe. Mwenye mdomo wa njano na shingo fupi, anayefuatana na ng'ombe, ni tofauti na yule mwembamba mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano anayevua samaki. Wanaoanza huwachanganya hawa kila mara.
- Kwarara hijani, ambaye utamsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa kelele zake huamsha mtaa mzima.
- Fundichuma, wa kahawia, mwenye kichwa kama nyundo. Kiota chake ni lundo kubwa la vijiti juu ya mti, na wazee wengi hukataza kukigusa. Katazo hilo limemlinda vizuri kuliko kibao chochote, kwa hiyo msilicheke.
- Kuku-ziwa, mweusi, mwenye paji jekundu na ncha ya mdomo ya njano.
- Mdiria, wa rangi kali, anayekaa juu ya unyasi akitazama maji.
- Kwera, wa njano, wenye viota vinavyoning'inia kwenye matete.
- Bata wa aina yoyote. Mkishindwa kuwatofautisha, andikeni "bata" na idadi.
- Korongo taji, akitokea. Akitokea, pigeni picha kwa mbali na msitangaze mahali alipo, kwa sababu vifaranga na mayai yake huwindwa ili kuuzwa.

Kati ya Oktoba na Aprili mtaona wageni kutoka Ulaya na Asia, miongoni mwao mbayuwayu wanaolala kwenye matete kwa makundi. Kundi kubwa lisikutishe. Hesabu kumi wa kwanza kwa uangalifu, tazama kumi hao wamechukua nafasi gani machoni pako, kisha uone nafasi kama hiyo imejirudia mara ngapi. Ikiwa ni mara kumi na mbili, andika "120, makadirio". Neno makadirio lisikosekane.

*Onyo.* Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika tu siku mlizoona ndege wengi. Siku ambayo hamkuona chochote andikeni sifuri. Sifuri ya Agosti ndiyo itakayokuambia, miaka mitatu baadaye, kwamba bonde limeanza kukauka mapema. Kosa la pili ni kuongeza kituo kipya kwa sababu kina ndege wengi. Mtadhani ndege wameongezeka, kumbe ni macho yenu yaliyoongezeka.

Hatua ya 5: Pima mambo mengine matatu madogo

Picha: simama mahali pale pale, elekeza simu upande ule ule, mwezi baada ya mwezi. Funga kitambaa kwenye mti au kigingi ili anayefuata asikosee mahali.

Uangavu wa maji: zamisha ule mfuniko mweupe polepole hadi usionekane, shika kamba usawa wa maji, upandishe na upime urefu wa kamba kwa sentimita. Fanya hivyo kutoka ukingoni au kwenye daraja, penye kina. Baada ya mvua kubwa ya Desemba namba itashuka sana, na hilo ni la kawaida; la kutazama ni kama inapanda tena baada ya siku chache.

Vyura: jioni moja kila mwezi wakati wa mvua, baada ya giza kuingia, sikilizeni kwa dakika tano na mwandike sauti za aina ngapi tofauti mmezisikia. Majina hayahitajiki.

Hatua ya 6: Sasa fanya usafi, na uufanye kwa mpangilio

Mwaka wetu wa kwanza tulikusanya magunia 62 asubuhi moja, tukayapanga barabarani vizuri kabisa, na gari tuliloahidiwa halikuja. Wiki ya pili mvua ilinyesha, magunia yakapasuliwa na mbwa, na taka zote zikarudi bondeni zilikotoka. Tangu hapo hatuanzi kuokota kabla gari au mkokoteni haujaonekana kwa macho.

Tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Anzieni mahali maji yanapoingilia, hasa kwenye makaravati, kwa kuwa takataka iliyozuiwa pale haitaingia bondeni. Tandazeni ile kamba mara mbili kupata mita 100, muokote ndani ya mstari huo, kisha mhesabu kwa aina: chupa, mifuko laini, nepi, nguo, vioo. Pimeni uzito wa kila gunia. Namba hizo ndizo zitakazomfanya diwani asikilize, na ndizo zitakazowaonyesha taka nyingi zinatoka wapi. Kwetu ilikuwa nepi, na ufumbuzi ukawa kuzungumza na akina mama wa kliniki badala ya kuongeza siku za usafi.

*Maonyo matatu.* Sindano na vioo havishikwi kwa mkono hata kama mtu amevaa glavu. Tumieni koleo na chombo kigumu chenye mfuniko, na sindano mzipeleke zahanati mkiwa mmeshaongea na mganga. Plastiki isichomwe. Na tatu, ambalo tulilikosa wenyewe: matete, majani ya majini na miti iliyoanguka si uchafu. Mwezi wa tatu mmoja, kwa bidii tu, vijana wetu walifyeka matete mita thelathini ili bonde "lipendeze". Ndani yake kulikuwa na viota vya kwera vyenye makinda. Kuanzia Desemba hadi Mei panga lisiguse matete kabisa. Anayehitaji majani ya kuezekea au ya ng'ombe akate kati ya Julai na Septemba, na achukue theluthi moja tu ya rundo.

Hatua ya 7: Panda kidogo, mahali panapofaa

Bonde likiachwa bila kulimwa wala kuchomwa, matete na mafunjo hurudi yenyewe kutoka kwenye mizizi. Kupanda kunahitajika pembezoni tu, pale ukingo ulipobomoka. Pandeni mwishoni mwa Desemba au Januari, ardhi ikiwa imelowa hadi chini. Sisi tuliwahi kupanda Agosti kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi Agosti, na kufikia Oktoba mche uliobaki hai ulikuwa mmoja, ule uliokuwa karibu na bomba la maji linalovuja.

Mivengi na mikuyu hupendana na maji na huwalisha ndege matunda. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, acha mita nne au tano kati ya mche na mche, na mkabidhi kila mche mtu mmoja mwenye jina. Milingoti, yaani mikaratusi, isipandwe karibu na maji hata mkipewa bure, na mtapewa bure. Hunyonya maji mengi na bonde hupungua taratibu. Mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe, hushika kingo vizuri, lakini kubalianeni kwanza nani atagema, maana mvua zikikolea ugomvi wa mbeta, vile vyombo vya kugemea, huweza kuvunja kikundi.

Katikati ya bonde msipande mti wowote. Korongo, bata na yangeyange wanahitaji maji na nyasi zilizo wazi, na bonde lililojaa miti huwa msitu mdogo uliopoteza ndege wake.

Hatua ya 8: Wakaribishe watoto na wageni

Wanafunzi waje kwa makundi ya kumi, kila kundi na mtu mzima mmoja, kwa ruhusa ya mwalimu na ya wazazi. Wapeni kazi halisi, kama kuhesabu aina moja tu ya ndege au kuchora kiota, kwa sababu mtoto anayepewa hotuba ataanza kurusha mawe majini kabla haijaisha. Sauti ya ndege isichezwe kwenye simu ili kuwavuta, huwasumbua waliotamia. Tarehe 2 Februari ni Siku ya Ardhioevu Duniani, kumbukumbu ya mkataba uliosainiwa mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Huangukia wakati mzuri kwetu: mvua zipo, wageni wa Ulaya wapo, na vyura wanaimba.

Hatua ya 9: Rudisha taarifa kwa wenye bonde

Ombeni dakika kumi kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa kila robo mwaka. Onyesheni picha mbili za mahali pamoja, taja namba tatu, na useme kwa jina nani amesaidia, mkianza na wenye vinyungu. Nakala mpelekee afisa mazingira. Hesabu ya Januari ifanyeni kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa mwezi huo ndio wa hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza 1967 na ambayo sasa inaratibiwa na shirika la Wetlands International, na takwimu za bonde dogo zilizochukuliwa vizuri zinaweza kuingia humo.

Mambo yakikwama

*Wakazi wanasema bonde linaleta mbu, likaushwe.* Msiwabishie kwa dharau, kwa kuwa malaria wanaijua. Waonyesheni kwamba mbu wa malaria hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua: mashimo ya matofali na nyayo za ng'ombe. Fukieni mashimo madogo pamoja nao. Kwenye maji makubwa yenye samaki, vyura na kereng'ende, viluwiluwi wa mbu huliwa.

*Wahesabuji wawili wanatofautiana.* Tofauti ya ndege wachache isiwasumbue. Ikiwa mmoja ana 40 na mwingine ana 90, rudieni hapo hapo. Ndege wakiwa wameruka, andikeni namba zote mbili na majina ya waliohesabu. Msigawanye kwa mbili.

*Miezi miwili hakuna ndege.* Angalieni kwanza kama kuna mbwa wanaozurura, mtego, au dawa iliyopulizwa karibuni. Mkikuta samaki au ndege waliokufa kwa pamoja, msiwaguse wala mtu asiwale. Pigeni picha na mtoe taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa mazingira na afisa mifugo.

*Mtu anamwaga kifusi au anajenga msingi.* Msipambane naye. Pigeni picha zenye tarehe, ziambatanisheni na picha za miezi iliyopita kutoka mahali pale pale, mpelekee mtendaji kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikipita wiki mbili bila jibu, pandeni ngazi: halmashauri, ofisi ya bonde la maji, kisha NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambalo lina ofisi ya kanda Mbeya.

*Moto wa kiangazi.* Fyekeni njia ya kuzuia moto upande wa nchi kavu mwezi wa sita, upana wa mita tatu, na mkubaliane na majirani nani anapigiwa simu. Moto ukishafika kwenye matete makavu wakati wa upepo wa Septemba, ondoeni watu.

*Wanakikundi wamebaki watatu.* Endeleeni na hesabu, acheni mengine. Watatu wanatosha kwa darubini, daftari na penseli, na mwezi ulioruka hauwezi kuhesabiwa baadaye.

*Nyoka ameonekana.* Simameni, mwachieni njia, kisha muendelee kwa kutikisa majani kwa fimbo mbele yenu. Aliyeumwa asifungwe kamba wala asichanjwe kwa wembe. Mtulizeni, msimtembeze, na mpelekeni hospitali mara moja. Mnyama mkubwa kama kiboko au mamba akionekana, sitisheni shughuli zote na mtoe taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya taifa.

*Daftari limepotea.* Limetupata mara moja. Kila baada ya hesabu, kabla ya kuvua mabuti, piga picha ya kurasa za siku hiyo na uzitume kwa watu wawili.